Maji ya Magoti

Juzi kwenye jumuiya, baada ya sala, mjukuu wangu Neema aliniuliza mbele ya wenzake, "Bibi, eti ulikuwa mvuvi? Sasa ndoano yako iko wapi?" Vijana wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza. Kazi iliyonilea tangu nilipoolewa mpaka nikaota mvi, hata watoto wa nyumba yangu hawaijui. Wanadhani mvuvi lazima awe na ndoano kama wanavyomwona kwenye picha za vitabu.

Basi sikilizeni, nyie mliocheka. Ndoano sijawahi kuishika maishani mwangu, na nyavu vilevile. Siku moja nilikwenda Ikola kwenye harusi, kule ziwani wanakoanika dagaa, na wanawake wa kule wakaniuliza nyavu zangu nimeziacha wapi. Nikavua kandambili nikawaonyesha miguu. Walinitazama wakidhani mgeni ameshaanza kunywa.

Sikuwa nimekunywa. Huku kwetu Mpimbwe, upande wa Mamba, mvua zikishakatika mto unakuwa mwembamba na kuacha madimbwi huku na huku. Kambale wanabaki humo, na kadiri jua linavyokausha ndivyo wanavyobanana. Wanaume walikuwa na mambo yao ya masika: kuziba mkondo kwa uzio wa matete na kutega migono kwenye matundu yake, ile mitego ya kusuka ambayo samaki anaingia kirahisi, halafu miiba ya mlangoni inamkatalia kutoka. Kiangazi kilikuwa chetu wanawake. Tulivua kwa tenga lisilo na kitako.

Tenga hilo linasukwa kwa vijiti vilivyonyooka. Chini ni pana, juu ni jembamba, na juu hapo unaacha tundu la kupitisha mkono. Mnaingia majini kwa mstari mkiburuta miguu ili tope litibuke. Maji yakichafuka kambale anakosa pumzi, anapanda kuvuta hewa, na hapo ndipo unapomwona. Usipomwona, mguu utamwona. Tope ukilikanyaga linakwepa, lakini kambale ukimkanyaga anasukuma. Hapohapo unatua tenga. Usilirushe kama mtu aliyekasirika. Lishushe upesi na kwa adabu, kama unafunika chungu, kisha lilalie kwa uzito wako wote. Akiwa ndani atagonga vijiti na utasikia mpaka kwenye mbavu zako. Hapo tena ni mkono kupitia tundu la juu, kumpapasa mpaka umpate.

Hayo nilifundishwa na mama mkwe wangu, Mama Veronika, mwanamke mfupi aliyekuwa na ulimi mrefu. Mimi nilitoka Magamba, kwa Wakonongo, na kule kwetu tulijua mahindi na karanga. Samaki niliwajua wakiwa sahanini tayari. Siku yangu ya kwanza nilimshika kambale tumboni kama mtu anayeokota kiazi, akanichoma kwa mwiba wa pezi katikati ya kiganja. Nilipiga kelele kwa Kikonongo, maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa kuwa mtoto wa katekista yupo. Mama Veronika hakugeuka hata kutazama kidonda.

"Huyo hajui Kikonongo," alisema. "Mshike nyuma ya kichwa, miiba ipite kati ya vidole. Na tena unisikie vizuri. Kambale anateleza. Ukishika kitu humo kisichoteleza, kiachie kiende zake, usikiulize jina."

Nililikumbuka neno hilo siku niliyopitisha mkono kwenye tundu nikagusa magamba yasiyoteleza, yanayojikunja. Nilikiachia, tena na tenga nikaliacha pale pale. Wenzangu walinicheka mpaka tulipoligeuza kwa mti mrefu na wote wakaona nyoka alivyokuwa mnene. Kicheko kikahama, wakaanza kukumbuka watoto wao waliowaacha peke yao nyumbani.

Utupa Mama Veronika aliukataa kabisa. Kuna watu walikuwa wanatwanga majani yake, wanamwaga majini, na samaki wote wanaelea wakiwa wamelewa, wakubwa kwa wadogo. "Anayetia utupa anakula mbegu," alikuwa akisema. Siku hizi nawaona watu wanakokota vyandarua vya mbu mtoni na kutoa samaki wadogo kama kucha, nami namshukuru Mungu kwamba yeye alilala mapema.

Sasa nifike kwa wifi yangu.

Marehemu Sesilia alikuwa dada wa mume wangu, Gervas. Alinizidi umri kidogo na kunizidi ujanja sana. Ndiye aliyenifundisha kofi. Unakunja kiganja kama unachota maji, halafu unapiga uso wa maji kwa ubavu wa mkono, mara moja, na sauti inayotoka ni ile ya mkia wa kambale mkubwa anapogeuka. Tukiwa mstarini Sesilia aliona upande wetu una samaki wengi, basi alipiga kofi lake mbali kidogo, wanawake wote wakakimbilia huko na matenga yao wakipigana vikumbo, na sisi wawili tukabaki tunavua kwa nafasi. Kofi langu halikumdanganya mtu. Lilitoa sauti ya mtu anayefua nguo. "Kunja kiganja, wifi," alikuwa akiniambia huku amejiziba mdomo kwa kanga. "Kunja kiganja, utatuumbua."

Na Sesilia huyohuyo ndiye aliyeniingiza majini. Hili nataka mlishike vizuri, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini naongea na macho yangu yanalowa.

Dimbwi letu lilikuwa la wanawake wa ukoo wa mume wangu. Bibi arusi hakujiingilia tu. Alisubiri ukingoni mpaka maji yafike magotini, na wifi yake akaja kumshika mkono na kumvuta ndani. Mgeni anatua tenga, anakamata samaki wake wa kwanza, na huyo haliwi. Anaachiwa. Akipiga mkia na kuzama, wifi anageukia ukingo na kusema kwa sauti, "Mmesikia? Amemwachia. Huyu ni wetu." Wanawake wote wanajibu, "Tumesikia." Kuanzia hapo maji yale ni yako kama yao. Mimi Mkonongo wa Magamba nilijibiwa "Tumesikia" na ukingo mzima, na naapa sikuwahi kujiona mtu wa mahali fulani kama siku ile, hata kanisani nilipofunga ndoa.

Kwa nini magotini? Mama Veronika alisema ndipo mtu anaposimama mwenyewe bila kutafuta wa kumshika, na ndipo samaki naye bado ana njia ya kukimbia. Juu ya hapo maji yanakushinda. Chini ya hapo wewe unamshinda samaki, na huo si uvuvi, ni kuokota.

Mume akifa, mke anatoka tena. Anarudi ukingoni kama siku alipokuja. Watu wa nje wanaweza kuona ni ukatili, lakini sisi hatukuuona hivyo, kwa sababu kiangazi kinachofuata, maji yakifika magotini, wifi yake anamshika tena mkono. Tenga, samaki, mkia. Safari hii neno linaongezeka moja: "Huyu bado ni wetu." Niliwaona wajane wengi wakiambiwa hivyo. Wengine walilia majini kuliko walivyolia makaburini.

Gervas alifariki wakati mpunga unaanza kuchanua. Kifua kilimsumbua muda mrefu. Alikuwa mtu mpole, msusi mzuri wa migono, na mpaka leo upo mmoja uvunguni mwa kitanda changu haujamaliziwa mlango. Tulimzika, tukafanya matanga, nikakaa kusubiri kiangazi. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa na hofu. Ndugu zangu wa Magamba walikuwa wameshatuma neno kwamba nirudi kwetu, kwani huku nimebaki na nani? Sikutaka kurudi. Nilitaka kuambiwa lile neno moja.

Dimbwi lilikuwa limejaa vizuri mwaka ule. Likaanza kushuka, likafika kiunoni. Wanawake wengine wakasema, "Sesilia, muingize tu mwenzio, mwanamke anakonda." Sesilia akakataa. "Magoti ni magoti. Sitamwingiza wifi yangu kwa haraka kama mtu anayeficha kitu. Au unasemaje, wifi?" Nikasema tusubiri. Nilitaka liwe kamili kama alivyotaka yeye. Tukaenda kumalizia mavuno ya mpunga, tukiwa na uhakika kwamba kiunoni hadi magotini ni safari ya polepole, kama ilivyokuwa miaka yote.

Hatukujua kwamba huko juu mtoni watu walikuwa wameshafunga pampu za kumwagilia bustani. Tuliporudi kutoka shambani, tukiwa na matenga kichwani, tulikuta tope na nyayo za ng'ombe. Kambale walikuwa wameshaokotwa na wapita njia, waliobaki wanapigwa na jua. Maji yalikuwa yametoka kiunoni yakaenda kwenye vifundo vya miguu, na magoti yalipita sisi hatupo.

Sesilia alikaa chini pale ukingoni, akaweka tenga lake mapajani. Tulipofika kwenye mlango wangu akasema, "Mwakani." Nikasema, "Mwakani, wifi."

Mwakani dimbwi halikujaa. Na mwaka uliofuata halikujaa. Mto wenyewe uliacha kufika kwetu kama zamani, ukawa unakuja kama mgeni mwenye haraka, unapiga hodi na kuondoka. Watu walisema ni pampu, wengine wakasema ni ng'ombe, wengine ni ukataji miti, wengine wakasema ni dhambi zetu. Mimi nasema ni watu wengi waliotaka maji yaleyale, na kila mmoja alikuwa na watoto. Kujua hivyo hakukunipunguzia uchungu.

Kulikuwa na madimbwi mengine, ya koo nyingine, na wenyewe waliniita. Sikwenda. Mtu ambaye hajaingizwa kwao ataingiaje kwa wenzao? Nikabaki nasuka. Nilisuka matenga ya wanawake waliokuwa bado wanavua, wakawa wachache, wakaisha. Kisha akaja jirani yangu Mama Kulwa, Msukuma, wao walihamia huku na mifugo yao Kulwa akiwa mgongoni. Akaliangalia tenga langu akasema, "Mama, hili naweza kufunikia vifaranga, mwewe ananimalizia." Nikampa. Wakaja wengine, na mpaka leo ukipita kijijini utaona matenga yangu uani, ndani yake vifaranga vinalia. Watu hunisifu kwamba natengeneza vitu imara vya kuku. Huwa naitikia asante.

Nilizeeka hivyo, nikiwa mjane wa ukingoni. Hakuna aliyenifukuza. Watoto wa ukoo waliniita mama, wajukuu bibi, kanisani kiti changu kinajulikana. Lakini kuna kitu kidogo kinachokaa ndani ya mtu na kumuuma anapokuwa peke yake jikoni. Mimi kiliniambia: wewe hujaambiwa. Na aliyetakiwa kuniambia alikuwa mmoja tu. Gervas hakuwa na dada mwingine.

Sesilia akaanza kuugua. Miguu ilivimba, macho yakaingia ukungu, moyo ukawa unamchosha kwa kutoka tu kitandani hadi mlangoni. Walimpeleka hospitali Mpanda, wakamrudisha na dawa na maneno ya upole, na sisi watu wazima tunajua maneno ya upole maana yake nini. Kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza jambo moja: "Maji yakoje?"

Basi mvua za mwaka jana zilikuja zile za zamani. Mlikuwepo, mliziona. Barabara zilikatika, mpunga wa watu ulizama, na nyie mlikuwa mnanung'unika kwamba mtandao haupatikani. Mimi nilikuwa naamka alfajiri kwenda kutazama dimbwi likijaa, na nilikuwa nalia na kucheka kama kichaa. Lilijaa hadi kwenye mizizi ya mitete. Mvua zikakatika, likaanza kushuka. Safari hii sikwenda shambani wala pengine. Nilichomeka mti majini wenye urefu wa goti langu, na kila siku nikaenda kuutazama ukijitokeza.

Siku kichwa cha mti kilipoonekana nilikimbia, kama mwanamke wa umri wangu anavyoweza kukimbia, hadi kwa Sesilia. Nikamkuta amekaa kitandani anapumua kwa shida.

"Wifi," nikasema, "magoti."

Akanitazama kwa yale macho yake ya ukungu. "Miguu yangu unaiona?"

"Naiona."

"Basi tafuta miguu mingine."

Nilitoka nikasimama uani nikilia. Bodaboda haiwezi kufika dimbwini kwa tope, na kubebwa mgongoni kifua chake kisingestahimili. Mama Kulwa alikuwa anapita na maksai wake wawili na mkokoteni wa maji. Akaniona ninavyolia, akauliza. Nikamweleza yote, tenga na mkia na neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwaga maji yake yote pale pale chini.

"Ng'ombe wamewahi kulinywa hilo dimbwi lenu," akasema. "Leo watafanya kazi."

Tulitandika magunia na godoro, tukamlaza Sesilia, na njia nzima nilimshika kichwa kisigonge. Tulipofika, Mama Kulwa hakusimama ukingoni. Alikunja kanga yake, akashika kamba, akaingia majini mbele ya maksai akiwaongelesha kwa Kisukuma, na wao wakamfuata taratibu mpaka mkokoteni ukawa katikati ya dimbwi. Tukamkalisha Sesilia kwenye ukingo wa nyuma wa mkokoteni, miguu yake iliyovimba ikaning'inia ndani ya maji. Alifumba macho alipoyasikia. Nami nikarudi nikasimama ukingoni na tenga langu, kama mgeni.

Akanyoosha mkono. "Njoo, wifi."

Nikaenda. Akanishika, akanivuta kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi. Nikaanza kuburuta miguu. Tope likatibuka, nikasubiri kitu kinisukume. Nilizunguka mkokoteni wote. Nilitua tenga hapa, nikatua pale, nikalilalia, nikasikiliza kwa mbavu. Hakikugonga kitu. Nilipitisha mkono kwenye tundu nikapapasa, nikashika tope na jani. Maji yalikuwa yamerudi, lakini dimbwi lilikuwa limekauka miaka mingi, na huko chini vyandarua vilikuwa vimeshamaliza waliotakiwa kupanda. Hakukuwa na kambale hata mmoja. Nilisimama na mkono ndani ya tenga tupu, nikajua kwamba bila samaki hakuna mkia, na bila mkia hakuna neno.

"Umepata?" Sesilia akauliza. Alikuwa haoni mpaka hapo nilipo.

Sikuweza kusema sina. Nilimtazama jinsi anavyotafuta pumzi, nikasema, "Nimepata."

"Mwachie."

Nikatoa mkono kwenye tenga, nikapiga maji.

Maksai mmoja akatikisa masikio. Sesilia alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, kisha mabega yake yakaanza kutetemeka. Nilidhani moyo umemzidi, nikataka kumkimbilia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kunja kiganja, wifi," akasema. "Mpaka leo?"

Nikakunja kiganja. Nikapiga kwa ubavu wa mkono, mara moja, kama alivyonifundisha tukiwa vijana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ile sauti ikatoka.

Sesilia akainua kichwa. Akageukia ukingo ambao zamani ulijaa wanawake, na sasa kulikuwa na mitete tu, akaita kwa sauti yote iliyobaki kifuani mwake:

"Mmesikia? Amemwachia. Huyu bado ni wetu."

Mama Kulwa, aliyekuwa amesimama majini na kamba za ng'ombe mkononi, akajibu:

"Tumesikia."